Mzito wa Ulimi

Gari zinazotoka Mkoani kwenda Chake Chake hupita Mtambile, na hapo Mtambile ndipo inapokatika njia ya kwenda Kengeja. Mimi ni mtu wa hapo njia panda. Nimechuma karafuu za hapo, nimekula embe za hapo, na nimesomesha watoto wa hapo mpaka nikastaafu. Habari ninayotaka kuisimulia ni ya majaribio mawili ya kitaalamu yaliyofanyika Pemba, la kwanza huko Kengeja katika miaka ya 1990, na la pili, kubwa zaidi, lililoanza mwaka 2002. Yote mawili yamechapishwa katika majarida makubwa ya Uingereza na yanajulikana na wataalamu wa nchi nyingi, ila sisi ambao yalipita mbele ya milango yetu hatuyajui sana. Lakini siwezi kuanza na wataalamu. Sharti nianze na mdogo wangu.

Tulikuwa ndugu wa kuachiana ziwa, mimi na yeye. Alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na tangu akiwa mdogo alikuwa na safura. Msomaji wa siku hizi huenda akahitaji kuelezwa: mtoto wa safura alikuwa na viganja vyeupe, uso umevimba kidogo, tumbo mbele, na akikalishwa mahali alikuwa hapo hapo mpaka mtu aje amwondoe. Mdogo wangu alikuwa akibandua udongo wa ukutani na kuula. Alichelewa kusimama na alichelewa zaidi kusema. Watoto wa rika lake walikuwa wanagombana kwa maneno, yeye anaonyesha kwa kidole tu.

Nyumbani kila mtu alikuwa na sababu yake. Bibi yetu mzaa baba alisema mtoto ni mzito wa ulimi kwa kurithi, kwani mjomba wake mmoja alikuwa hivyo hivyo. Shangazi alisema mtoto amepigwa jicho. Jirani mmoja alisema mama yetu alimwachisha ziwa mapema. Alisomewa, akanyweshwa kombe, akapakwa dawa za miti. Halafu siku moja mama alimpeleka zahanati, akapewa chupa ya dawa yenye ladha ya kutu, ambayo alimnywesha kwa kijiko kila asubuhi. Hiyo ilikuwa ni dawa ya chuma. Mama alikuwa akisema, mpaka uzeeni, kwamba ni chupa ile iliyomfungua mtoto ulimi.

Zilipokuja mvua za masika mdogo wangu alishikwa na homa, na hakumaliza wiki.

Nimetanguliza haya ili msomaji ajue kwa nini mtu wa chaki kama mimi nilijishughulisha na mambo ya damu na vimelea. Katika miaka ya 1970 nilikuwa chuoni nikisomea ualimu, na mkufunzi wetu wa saikolojia alitufundisha namna ya kuendesha jaribio. Alituandikia ubaoni: lengo, nadharia tete, vigeu. Lengo ni kile unachotaka kukijua. Nadharia tete ni jibu unalolitabiri kabla hujaanza kazi, na unalitamka kwa maneno ambayo matokeo yanaweza kuyakanusha. Vigeu ni vile vitu vinavyobadilika: kimoja unakibadilisha wewe kwa makusudi, kingine unakipima uone kama kimefuata, na vilivyobaki vyote unajitahidi kuvizuia visikuharibie hesabu. Mifano yake ilikuwa ya panya na ya mbwa wa Pavlov wanaodondokwa na mate. Tulinakili, tukakariri, tukafaulu.

Kitu kimoja nilikipenda tangu siku ile, nacho ni hilo neno tete. Punje ya nafaka ambayo bado haijakomaa huitwa tete. Ukiibana kwa kucha inatoka maziwa. Aliyelichagua neno hilo kwa ajili ya dhana ambayo haijathibitishwa alikuwa na sikio zuri. Nyumbani kwetu tulikuwa na nadharia tete nne au tano juu ya ulimi wa mtoto mmoja, na zote tulizifanya kuwa ni nafaka kavu.

Na mimi nilipokuwa mwalimu niliendelea hivyo hivyo. Niliwahi kuwa na mwanafunzi aliyekuwa akisinzia kuanzia kipindi cha pili. Nilimweka nyuma ya darasa, nikamwandikia kwenye ripoti kuwa ni mvivu. Viganja vyake nilikuwa naviona kila siku aliponyoosha mikono kupigwa fimbo, navyo vilikuwa vyeupe. Mwaka 1994 Zanzibar ilipoanza mpango wa kuwapa wanafunzi dawa za minyoo maskulini, na walimu tukakabidhiwa vidonge tugawe wenyewe, yule kijana alikuwa ameshaacha skuli zamani.

Sasa twende Kengeja.

Kufikia miaka hiyo, wataalamu wa saikolojia ya watoto walikuwa na ushahidi kwamba mtoto mwenye upungufu wa chuma huchelewa kiakili na kimwili. Betsy Lozoff na wenzake walikuwa wamewafuatilia watoto wa Costa Rica, na mwaka 1991 wakaeleza kwamba wale waliokuwa na upungufu mkubwa wa damu utotoni walikuwa bado nyuma ya wenzao walipofika umri wa kuanza skuli. Huko Bandung, Indonesia, Ponpon Idjradinata na Ernesto Pollitt waliwapa chuma watoto waliokuwa nyuma, na mwaka 1993 wakaandika kwamba baada ya miezi minne walikuwa wamewafikia wenzao. Matokeo hayo mawili hayapatani vizuri. Moja linasema athari inabaki, jingine linasema inaondoka. Tena hakuna aliyejua ingekuwaje mahali kama Pemba, ambapo mtoto huyo huyo ana minyoo, ana malaria, na chakula chake hakina chuma cha kutosha.

Kundi lililokuja Kengeja lilikuwa la watu wa sehemu nyingi. Aliyeliongoza ni Rebecca Stoltzfus, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani. Alikuwemo Jane Kvalsvig, mwanasaikolojia kutoka Afrika ya Kusini. Alikuwemo Pollitt mwenyewe. Walikuwemo Marco Albonico, Antonio Montresor na Lorenzo Savioli waliokuwa wakishughulika na minyoo. Na kutoka Wizara ya Afya ya Zanzibar alikuwemo Hababuu Chwaya. Lengo lao lilikuwa ni kujua kama chuma na dawa ya minyoo vitasaidia watoto wadogo katika kutembea na kusema.

Waliandikisha watoto 614, wa umri wa miezi 6 mpaka 59. Watoto waligawiwa kwa bahati nasibu: wengine walipewa miligramu 10 za chuma kila siku kwa miezi 12, wengine dawa bandia iliyofanana nayo. Juu ya hayo, kila baada ya miezi mitatu wengine walipewa mebendazole ya miligramu 500, wengine bandia. Kwa hiyo kulikuwa na makundi manne: wenye chuma na dawa ya minyoo, wenye chuma peke yake, wenye dawa ya minyoo peke yake, na wasiopata chochote. Wala mama wala aliyekuja kuuliza maswali hakujua mtoto gani yuko wapi. Huu ni mpango mzuri sana, kwani kwa mwaka mmoja unajibu maswali mawili, na la tatu juu yake, yaani kama dawa hizo zikiwa pamoja zinafanya zaidi.

Lakini utapimaje kusema? Hapa ndipo saikolojia inapokuwa ngumu kuliko elimu ya dawa. Damu unaichoma kidoleni, ikakupa namba. Neno la mtoto huwezi kulichoma. Mtoto wa miaka miwili akikalishwa mbele ya mgeni mwenye karatasi hanyamazi kwa sababu ya safura, ananyamaza kwa sababu ya mgeni. Kwa hiyo waliwauliza wazazi. Watoto 359, wa miezi 12 mpaka 48, walipimwa kwa maswali waliyoulizwa wazazi wao kabla ya dawa na baada yake: mambo 20 ya kusema na 18 ya kutembea na kutumia viungo.

Nilipoisoma sehemu hii niliweka karatasi chini nikafikiri juu ya lugha yetu. Katika vitabu vya Kizungu, mtoto hupiga hatua kubwa anapounganisha maneno mawili. Lakini mtoto wetu akisema "sitaki", amesema neno moja au matatu? Ndani yake kuna mimi, kuna kukataa, kuna kutaka. Akisema "kimeanguka" amekwisha kukipanga kitu katika ngeli yake. Anayehesabu maneno kwa nafasi zilizomo katika maandishi atamwona mtoto wa Kiswahili yuko nyuma, na kumbe yuko mbele. Wataalamu wamelishughulikia jambo hili: Katie Alcock na wenzake, wakifanya kazi Kilifi katika pwani ya Kenya, walitunga orodha za maneno na matendo kwa Kiswahili na Kigiriama ili kuwahoji wazazi, hata wasiojua kusoma, na kazi yao ilichapishwa mwaka 2015. Kwa Kengeja kilichosaidia ni kwamba mtoto hakulinganishwa na mtoto wa Ulaya. Kundi lenye chuma lililinganishwa na kundi lisilo na chuma, na wote mama zao ni wa mji huo huo, wanasema lugha hiyo hiyo. Kipimo kikiwa na upungufu, upungufu huo uko pande zote mbili.

Matokeo yalitoka katika jarida la British Medical Journal mwaka 2001. Watoto waliopewa chuma walizidi wenzao katika kusema kwa pointi 0.8 kati ya 20. Katika kutembea chuma kilisaidia pia, ila kwa wale tu ambao damu yao ilikuwa chini sana tangu mwanzo, chini ya gramu 90 za himoglobini kwa lita. Dawa ya minyoo ilielekea kusaidia, lakini kidogo mno kiasi kwamba haikuweza kutofautishwa na bahati.

Pointi 0.8. Nimeona watu wakiicheka namba hii. Mimi sikuicheka. Kwanza hiyo ni wastani: ndani yake wamo watoto ambao chuma hakikuwafanya lolote na wamo waliopata zaidi. Pili, kwa mama ambaye mtoto wake anaonyesha kwa kidole, jambo moja kati ya 20 laweza kuwa ndilo lile analolingojea. Niliposoma nilifurahi, sitaficha. Nilijisemea: mama alikuwa na haki. Miaka zaidi ya thelathini mwanamke asiyejua kusoma ameshikilia nadharia tete yake, na leo imesimama.

Lakini katika ripoti ile ile kulikuwa na sentensi niliyoipita haraka. Ilisema kwamba kabla ya jaribio kuanza, vimelea vya malaria vilikutwa katika damu ya karibu watoto wote. Karibu wote! Kigeu ambacho kila mtu anacho ni vigumu kukiona. Kama watoto wote wa mji wana malaria, malaria haiwezi kutofautisha kundi hili na lile, na mwenye kuhesabu anaiweka kando, na sisi wenyeji tunaiweka kando zaidi, kwa sababu homa kwetu ilikuwa kama mvua.

Jaribio la pili ndilo lililoifunua. Liliongozwa na Sunil Sazawal na Robert Black wa Johns Hopkins, pamoja na Wizara ya Afya ya Zanzibar, na kazi nyingi za kupima zilipitia maabara ya Ivo de Carneri iliyofunguliwa Wawi, Chake Chake, mwaka 2000. Safari hii swali halikuwa la maneno ya mtoto. Walitaka kujua kama chuma na asidi ya foliki, pamoja na zinki au bila ya zinki, vikitolewa kila siku kwa watoto wote bila kuchagua, vitapunguza maradhi na vifo. Kwa swali kama hilo mia sita hawatoshi. Katika makundi yaliyohusu chuma walikuwemo watoto 24,076 wa umri wa mwezi 1 mpaka 35. Nadharia tete ilikuwa kwamba mtoto mwenye chuma atakuwa na nguvu zaidi, na mwenye nguvu haugui sana.

Tarehe 19 Agosti 2003 makundi yenye chuma yalisimamishwa. Kamati ya usalama, ambayo kazi yake ni kufunua hesabu kabla ya wakati na kutazama kama kuna anayedhurika, iliona kwamba waliopewa chuma wanalazwa zaidi. Hesabu kamili ilipotoka katika jarida la Lancet mwaka 2006, ilionekana kwamba waliopewa chuma na asidi ya foliki walikuwa na uwezekano wa asilimia 12 zaidi wa kufa au kulazwa kwa ugonjwa mkubwa. Vifo peke yake vilizidi kwa asilimia 15, ingawa kwa vifo tofauti hiyo haikuwa kubwa kiasi cha kuondoa shaka ya bahati. Wakati huo huo jaribio linalofanana na hilo lilikuwa linaendeshwa katika nyanda za chini za Nepal, mahali ambapo malaria ni kidogo, na huko chuma hakikuonekana kudhuru.

Ni hapo neno lile la mkufunzi wetu, kwamba vigeu vingine uvizuie visikuharibie hesabu, lilinirudia kwa uzito wake. Tunapopungukiwa na chuma tunachoka, lakini na vimelea navyo vinahitaji chuma. Katika jaribio hilo hilo lilikuwemo kundi dogo la watoto waliofuatiliwa kwa karibu, wakipimwa damu na kutibiwa malaria mapema. Kati yao, wale waliokuwa kweli wamepungukiwa na chuma walifaidika nacho, hawakudhurika. Kwa maoni yangu hata huko Kengeja kule kufuatiliwa kwenyewe kulikuwa ni kigeu. Mtoto anayetembelewa na kuulizwa habari zake si sawa na mtoto anayepewa kidonge tu, na kigeu hicho kilikuwemo katika makundi yote manne, kwa hiyo hakikuhesabiwa.

Simlaumu mtu katika haya, na sipendi kuwasikia wanaosema kwamba tulifanywa panya. Kamati iliyosimamisha jaribio ilifanya ambalo wengi wetu hatuliwezi, nalo ni kuikubali nadharia tete yako kuwa imevunjika wakati bado fedha zipo na watu wapo kazini. Ninacholalamikia ni kwamba matokeo hayakurudi njia panda kwetu kwa lugha yetu. Shirika la Afya Duniani lilibadilisha ushauri wake kwa nchi zote zenye malaria kwa sababu ya watoto wa Pemba, na mama zao wengi sidhani kama wameelezwa hivyo mpaka leo.

Mambo yalibadilika baadaye. Mwezi uliofuata baada ya jaribio kusimamishwa, Septemba 2003, Zanzibar ilianza kutumia dawa mseto badala ya klorokwini iliyokuwa imekwisha nguvu, kisha vikaja vyandarua vyenye dawa na kupuliza majumbani, na kabla ya mwaka 2010 ukipima watu 100 ilikuwa tabu kumpata hata mmoja mwenye vimelea. Ushauri wa mwaka 2016 wa Shirika la Afya Duniani unaruhusu chuma kwa watoto wadogo mahali penye malaria, kwa sharti kwamba malaria yenyewe inazuiwa, inapimwa na inatibiwa.

Nami nilibaki na chupa ya mama. Kwa mwaka 2001 chupa ile ilikuwa imempa mwanawe ulimi. Kwa mwaka 2006 chupa ile ile yaweza kuwa ilimwongezea homa. Najua vyema kwamba mtoto mmoja si jaribio. Hakuna mdogo wangu wa pili aliyepewa dawa bandia nikamlinganisha naye. Huenda angesema bila ya chupa, na huenda angekufa bila ya chupa. Hayo nilijiambia mara nyingi, nikiwa ndani ya gari, nikiwa shambani, nikiwa nasali.

Mama alikuwa hai bado. Siku moja baada ya Ijumaa nilikwenda kukaa naye uani, nikiwa nimekusudia kumweleza niliyoyasoma, kwa sababu niliona ni haki yake. Nikaanza mbali, kama tunavyoanza. Nikamuuliza, "Mama, yule marehemu alianza kusema lini?"

Hakufikiri. "Mwaka ule wa karafuu nyingi, tulipokuwa tunaanika mpaka njiani. Nilikuwa napembua pale pale ulipokaa wewe. Akaja nyuma yangu, akanivuta kanga, akasema, 'Maji.' Nikadhani ni wewe unasema, nikageuka. Hupo. Ni yeye."

"Halafu?"

"Halafu nikaenda kumtekea maji," alisema mama. "Kisha akayakataa. Akasema tena, 'Maji,' nikamtekea mengine. Alikuwa hana kiu, mwanangu. Alikuwa anataka kulisema tu."

Akacheka, akafuta macho kwa upindo wa kanga, akaniuliza kama nimeshakula. Nikamwambia bado.